Ukikasimu ukaguzi wa meli, wakague uliowakasimu

Meli inaweza kupeperusha bendera ya nchi fulani mwaka mzima bila kutia nanga hata mara moja katika bandari ya nchi hiyo. Cheti chake kinaisha ikiwa Santos, boti zake za kuokolea zinadaiwa kupimwa ikiwa Busan, na ufa kwenye bamba unaonekana ikiwa Rotterdam. Hakuna serikali yenye wakaguzi wa kuzifuata meli zake dunia nzima, na kutokuwa nao si aibu. Ndiyo maana mkataba wa SOLAS wa 1974, yaani mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, sura ya kwanza, kanuni ya 6, unairuhusu nchi ya bendera kuteua wakaguzi, au kutambua mashirika, yafanye ukaguzi kwa niaba yake.

Wengi huisoma ruhusa hiyo wakaishia hapo. Kanuni hiyohiyo inaendelea kusema kwamba, kwa hali yoyote ile, serikali ndiyo inayobeba dhamana kamili ya ukamilifu na ubora wa ukaguzi. Hoja yangu yote inasimama juu ya kifungu hicho. Anayekasimu hapunguziwi kazi, anabadilishiwa. Jana alikuwa akikagua meli, leo anawakagua wanaokagua meli, na kazi hii ya pili ina ugumu wake kwa sababu kasoro zake hazionekani kwa macho kama kutu. Zimejificha kwenye tarehe, kwenye mikataba na kwenye ankara.

Nani hasa anayepanda ngazi ya meli

Mashirika yanayopewa kazi hii kwa kawaida ni yale ya uainishaji, ambayo mabaharia huyaita klasi tu. Ni ya zamani. Lloyd's Register chimbuko lake ni 1760, Bureau Veritas 1828, RINA ya Italia 1861, ABS ya Marekani 1862, DNV ya Norwei 1864, ClassNK ya Japani 1899. Yalizaliwa na biashara ya bima na mizigo: aliyekuwa anaweka fedha zake kwenye safari alitaka kwanza kujua kama chombo kitafika. Serikali zilipoanza kudai vyeti vya usalama, ziliyakuta mashirika haya tayari yana watu kila bandari kubwa, zikayakabidhi na kazi yao.

Matokeo yake, mkaguzi mmoja hupanda ngazi akiwa na kofia mbili. Kwa upande wa klasi anakagua bodi ya meli na mitambo kwa kanuni za shirika lake mwenyewe, kwa mkataba kati ya shirika na mwenye meli. Kwa upande wa serikali anakagua yale yanayodaiwa na mikataba ya kimataifa: ujenzi, vifaa vya usalama, redio, mstari wa upakiaji, uzuiaji wa uchafuzi. Anafanya yote siku moja, kwa ovaroli ileile. Na kofia zote mbili analipiwa na mwenye meli.

Hapo ndipo neno "huru" linapohitaji kuangaliwa kwa makini. Kanuni za IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya bahari, kuhusu mashirika yaliyotambuliwa, zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari 2015, zinataka shirika lisiwe mbunifu, mtengenezaji, muuzaji, mfungaji, mmiliki wala mtunzaji wa kile linachokikagua, na lisitegemee kampuni moja ya biashara kwa sehemu kubwa ya mapato yake. Ni masharti mazuri, lakini hayaondoi ukweli kwamba mteja akichukia anaweza kuhamisha meli zake zote kwenda klasi nyingine. Mashirika makubwa, yaliyoungana katika chama chao cha IACS tangu 1968, yamejiwekea utaratibu wa kuzuia uhamaji wa kukwepa: klasi inayopokea hupata kutoka kwa ile inayoachwa hali ya ukaguzi na masharti yote, yaani matengenezo iliyoyadai, ambayo hayajatekelezwa, na yale yaliyokwisha muda lazima yatekelezwe kwanza. Nje ya chama hicho kuna mashirika madogo yasiyofungwa na utaratibu huo. Nchi inayoyatambua inapaswa kuuweka wenyewe ndani ya makubaliano yake.

Anayetaka kuona shinikizo hili lilivyo, asome kesi ya meli Nicholas H. Mwaka 1986, ikiwa imebeba madini ya risasi na zinki, ilitia nanga karibu na San Juan, Puerto Rico, bodi ikiwa na nyufa. Mkaguzi wa klasi akapendekeza matengenezo ya kudumu, jambo ambalo lingeipeleka meli chelezoni na kulazimu mzigo ushushwe. Mwenye meli hakukubali. Mkaguzi akabadili msimamo, akaridhia ichomelewe kwa muda na iendelee na safari, ikaguliwe tena baada ya kushusha mzigo. Ikaondoka. Mahali palipochomelewa pakapasuka, na baada ya siku chache meli ikazama na mzigo wote. Mwaka 1995 mahakama ya juu ya Uingereza, yaani Baraza la Malodi, iliamua kuwa klasi haikuwa na wajibu wa kisheria kwa wenye mzigo. Uamuzi wa kisheria una hoja zake. Kwa mtu wa usalama, cha kuzingatia ni ile hatua ya kubadili pendekezo. Mkaguzi yuko peke yake gatini, mwenye meli yuko kwenye simu, kila siku ya kusimama ina gharama, na hakuna sauti ya serikali upande wa pili.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kuhusu mfumo wowote wa kukasimu ni hili: mkaguzi akikataa meli usiku wa Jumamosi, atampigia nani serikalini, na mtu huyo atapokea?

Chini ya mtu wa tatu kuna wa nne

Jambo linalosahaulika mno ni kwamba hata klasi, huyo mtu wa tatu kati ya serikali na mwenye meli, haifanyi kila kitu kwa mikono yake. Kuna kampuni za kupima unene wa mabamba, vituo vya kuhudumia maboya makubwa ya kujifutua ambayo hupelekwa huko kila miezi 12, mafundi wa redio, mafundi wa mitungi ya kuzimia moto, na wataalamu wa boti za kuokolea. Tangu 1 Januari 2020, uchunguzi wa kina wa kila mwaka wa boti za kuokolea na kreni zake, pamoja na jaribio la kila miaka mitano la kubebeshwa mzigo wa mara 1.1, lazima ufanywe na watu wenye cheti kutoka kwa mtengenezaji au kwa mtoa huduma aliyeidhinishwa. Anayeidhinisha ni nchi ya bendera, au klasi kwa niaba yake. Mkaguzi hupokea karatasi ya kila mmoja wa hawa, naye hutia saini juu yake.

Nitakaa kidogo kwenye upimaji wa unene, kwa sababu ndipo meli kuukuu huokolewa au huachwa.

Chukua bamba la sitaha lililojengwa kwa unene wa milimita 16. Tuseme kanuni zinaruhusu lipungue kwa asilimia 20, yaani milimita 3.2. Likifika 12.8 linakatwa na kubadilishwa. Kabla ya hapo kuna mstari mwingine. Likishapoteza zaidi ya robo tatu ya kiasi kinachoruhusiwa, yaani zaidi ya milimita 2.4, bamba hilo, kwa kusoma chini ya 13.6, linahesabiwa kuwa na kutu kubwa. Kwa meli za mafuta na za mizigo ya kichele zilizo chini ya ukaguzi ulioimarishwa, maana yake ni vipimo zaidi siku hiyo na kurudiwa kwa eneo hilo katika kila ukaguzi wa mwaka. Kati ya 13.7 na 13.5 kuna sehemu mbili za kumi za milimita na gharama kubwa sana.

Kipimo chenyewe hutumia mawimbi ya sauti, ambayo ndani ya chuma husafiri takriban mita 5,900 kwa sekunde. Chombo hupima muda wa kwenda na kurudi, kikaugeuza kuwa unene. Kwa hiyo huharibika kwa njia zinazojulikana. Kisipowekwa sawa asubuhi kwa kipande cha chuma chenye unene unaojulikana, namba zote za siku hiyo zinaegemea upande mmoja. Kama ni aina inayosoma mwangwi mmoja tu na bamba lina rangi nzito, rangi huingia kwenye hesabu na bamba huonekana nene kuliko lilivyo. Sauti hupita polepole zaidi kwenye rangi kuliko kwenye chuma, hivyo kosa ni kubwa kuliko unene wa rangi yenyewe. Na kama kutu imekula kwa vishimo, sehemu tano zilizochaguliwa juu ya uso laini zitatoa wastani mzuri wa bamba lililotoboka robo.

Kanuni zinataka kikao cha maandalizi kifanyike kabla ya kupima, na mkaguzi awepo melini kazi inapoendelea ili aielekeze. Kinachoharibika mara kwa mara ni mkaguzi kuja siku ya pili kupokea jedwali lililokwisha jazwa. Anayesimamia kutoka ofisini anaweza kulihisi hilo bila kupanda meli. Upande wa kulia na wa kushoto vina namba zilezile hadi nukta ya mwisho, ilhali kutu haijui ulinganifu. Namba nyingi zimeketi juu kidogo tu ya mstari wa kubadilisha. Sehemu ya juu ya tangi ina vipimo kamili, lakini bili ya chelezo haina jukwaa la kupandia hata moja. Ukaguzi wa karibu maana yake ni macho ya mkaguzi kuwa umbali wa kufikika kwa mkono, na mtu hafiki kwenye mbavu za juu za tangi la meli kubwa akiwa amesimama sakafuni na tochi.

Tangi lenye tope halikaguliki. Lisilopitishwa hewa haliingiliki: oksijeni inatakiwa isome asilimia 21 na gesi ya kulipuka isizidi asilimia 1 ya kiwango cha chini cha kuwaka. Mkaguzi anayekuta tangi halijaandaliwa na kukataa kuingia ametimiza wajibu wake. Ripoti inayosema tangi limekaguliwa siku ambayo daftari la vibali vya kuingia halina jina la mkaguzi inahitaji maelezo siku hiyohiyo.

Majaribio yanayofanyika nusu

Vipimo vingine ni vya haraka, na ndiyo maana hurukwa. Usukani unatakiwa utoke nyuzi 35 upande mmoja hadi nyuzi 30 upande wa pili kwa muda usiozidi sekunde 28. Jenereta ya dharura lazima ianze kuhudumia ndani ya sekunde 45. Vifuniko vya ngama hujaribiwa kwa maji ya mpira yenye shinikizo la angalau bari 2, mdomo wa milimita 12, umbali usiozidi mita 1.5.

Pampu ya dharura ya moto ina ujanja wake. Kwenye meli nyingi huonekana inafanya kazi vizuri sana, maji yanaruka mbali, kila mtu anaridhika. Hakikisha kwanza valvu inayotenganisha bomba la chumba cha injini imefungwa na pampu kuu zimezimwa. La sivyo unaweza kuwa unasifu pampu kuu, au kinyume chake, maji ya pampu ya dharura yatakuwa yanarudi ndani ya chumba kile ambacho siku ya moto hakitafikika. Jenereta ya dharura nayo ianzishwe kwa kukata umeme wa njia kuu ili ijiwashe yenyewe. Kuiwasha kwa kitufe, na betri zilizochajiwa usiku kucha, kunathibitisha tu kwamba kitufe kinafanya kazi. Njia yake ya pili ya kuwashia nayo ijaribiwe.

Yote haya yanachukua muda. Ukiona vyeti vitano vimegongwa mhuri katika bandari ambayo meli ilikaa saa chache tu, ikipakia usiku, chora ratiba ya siku hiyo kwenye karatasi: boti zishushwe lini, mpira wa maji umwagwe lini juu ya vifuniko vilivyo wazi kwa ajili ya mzigo? Jibu huja lenyewe.

Makubaliano yasemeje

Nchi nyingi zina makubaliano yaliyonakiliwa kutoka kielelezo cha IMO, majina yakabadilishwa, yakawekwa kabatini. Kielelezo si kibaya. Kinachokosekana ni mambo ya nchi yenyewe, na hayo ndiyo yenye uzito.

Kwanza orodha: kwa kila cheti, ieleweke shirika limepewa nini. Linakagua tu na kuripoti, linatoa cheti cha muda, au linatoa cheti kamili? "Kazi zote za kisheria" si orodha. SOLAS inataka angalau mkaguzi awe na uwezo wa kudai meli itengenezwe, na wa kupanda meli pale mamlaka ya bandari ya nchi nyingine inapomwomba. Pia nchi iiarifu IMO mamlaka mahsusi iliyoyatoa na masharti yake. Mkaguzi akikuta hali ya meli hailingani na cheti, ahakikishe marekebisho yanafanyika mara moja na aiarifu serikali. Yasipofanyika, cheti kiondolewe, na kama meli iko bandari ya nchi nyingine, mamlaka ya huko iambiwe papo hapo. Andika saa. "Mara moja" bila saa huwa wiki.

Kisha kuna milango ya ukaguzi wenyewe, yaani vipindi ambavyo lazima ufanyike. Katika mfumo uliooanishwa wa ukaguzi na vyeti, unaotumika tangu 3 Februari 2000, meli ya mizigo hupata vyeti vya miaka mitano, na ukaguzi wa mwaka hufanyika miezi mitatu kabla au baada ya tarehe ya kumbukumbu, yaani siku na mwezi ambao cheti kitaisha. Chini ya meli hukaguliwa angalau mara mbili ndani ya miaka mitano, na kati ya mara moja na nyingine isipite miezi 36. Meli ya abiria cheti chake ni cha miezi 12. Makubaliano yaseme wazi nani anaruhusu kuongezwa muda, na mimi nashauri jibu liwe serikali peke yake, kwa maandishi, kila mara. Ongezo la kwanza huwa na sababu ya kweli. La tatu kwa meli ileile ni taarifa kwamba mwenye meli anaogopa kitakachoonekana chelezoni.

Misamaha na vibadala, yaani ruhusa ya kutumia kitu kingine badala ya kile kinachodaiwa, navyo visitoke mikononi mwa serikali. Kwenye usalama wa kiulinzi sheria yenyewe imechora mpaka: nchi inaweza kukasimu baadhi ya kazi za ISPS, yaani kanuni za kimataifa za ulinzi wa meli na bandari, lakini kupanga kiwango cha ulinzi, au kuidhinisha mpango wa ulinzi wa gati, hakukasimiki. Napenda mpaka wa namna hiyo uandikwe pia kwenye vyeti vya usalama. Meli za abiria za safari fupi zinazorudi nyumbani kila siku, kwa maoni yangu, zikaguliwe na serikali yenyewe. Sababu ya umbali haipo, na waliomo ni raia wake.

Na usisahau haki ya kuona. Serikali iwe na uwezo wa kuingia moja kwa moja kwenye mfumo wa kumbukumbu wa shirika, isome hali ya kila meli, masharti ambayo hayajatekelezwa na nakala za ripoti, bila kumwomba mwenye meli ruhusa. Bila kipengele hicho unasimamia kwa hisani ya unayemsimamia.

Usimamizi unaohitaji viatu vya kazi

Tangu 2016 nchi zote wanachama wa IMO hukaguliwa kwa lazima chini ya mpango wa ukaguzi wa nchi, na usimamizi wa mashirika ni sehemu ya kinachoangaliwa. Baadhi hujibu kwa kumtuma ofisa makao makuu ya klasi mara moja kwa mwaka, akaonyeshwa vyeti vya ubora na kupigwa picha ya pamoja. Huo ni ukaguzi wa makaratasi. Unaofaa huchukua meli moja na kufuata uzi wote: ombi la ukaguzi, nani alipangwa na ana sifa gani za aina hiyo ya meli, alipanda saa ngapi, alijaribu nini, aliandika nini, masharti yalifungwa kwa ushahidi upi. Halafu ofisa huyo apande meli ileile aangalie kilichoandikwa na kilichopo. Meli chache zilizofuatwa hivyo zitakufundisha kuliko ripoti nyingi za mwaka.

Msaada mkubwa unatoka kwa watu wasio na uhusiano na wewe, yaani wakaguzi wa nchi za bandari, wanaokagua meli za kigeni zinazoingia kwao. Makubaliano ya Paris ya 1982 na mengine ya kikanda yaliyofuata hurekodi meli zilizozuiliwa, na chini ya Paris hutajwa kama shirika lililokasimiwa linahusika. Vigezo vyao ni vya kuigwa. Kasoro kubwa ya muundo, kama kutu, nyufa au kupinda kwa mbavu, huhesabiwa dhidi ya shirika isipokuwa iwe wazi kwamba ilitokea baada ya ukaguzi wa mwisho. Kasoro kubwa ya vifaa, kama bomba la moto lililotoboka, huhesabiwa kama ukaguzi wa mwisho una chini ya siku 90. Meli yako ikizuiliwa, chota faili la shirika siku hiyo, weka picha za kuzuiliwa pembeni ya ripoti ya mwisho, uulize swali moja: hiki kilikuwapo siku ile? Bomba halioti kutu hadi kutoboka ndani ya wiki sita.

Kosa la kawaida hapa ni kumbana mwenye meli peke yake. Yeye anatengeneza bomba, meli inaachiwa, na mkaguzi aliyelipitisha anaendelea kupitisha mengine kumi. Dai shirika lieleze chanzo, si marekebisho tu, na liseme ni meli zipi nyingine mkaguzi huyo alizipanda kipindi hicho.

Haya yanahitaji watu. Ofisi isiyo na hata mtu mmoja aliyewahi kuingia tangini haiwezi kusimamia shirika lenye maelfu ya wataalamu, haijalishi makubaliano yameandikwa vizuri kiasi gani. Wachache wanatosha, lakini wawe na ujuzi wa bodi, mitambo na redio, walipwe vya kutosha wasichukuliwe na klasi yenyewe baada ya miaka miwili, na wapande meli kila mwezi ili jicho lisife. Nchi isiyoweza kuwaajiri hao ipunguze idadi ya meli inazosajili, au idadi ya mashirika iliyoyatambua. Kutambua mashirika kumi wakati unaweza kuyafuatilia mawili ni kujitwisha mzigo usiobebeka.

Kuhusu ukaguzi wa mbali kwa video, unafaa kufunga sharti dogo: kipimo kilichobadilishwa, bango lililowekwa. Kwa muundo wa meli siukubali kama mbadala. Kamera huonyesha pale anapoielekeza aliyeishika, na aliyeishika ni mfanyakazi wa mwenye meli.

Marekani, na bili inapokuja

Meli ya mizigo El Faro, iliyojengwa 1975, ilizama karibu na Bahamas tarehe 1 Oktoba 2015 katika kimbunga Joaquin, ikafa na watu wake wote 33. Ilikuwa katika mpango ambao sehemu kubwa ya ukaguzi wa Walinzi wa Pwani wa Marekani hufanywa na klasi. Ilizama kwa sababu nyingi, kuanzia njia iliyochaguliwa hadi maji yaliyoingia ngamani. Uchunguzi ulikosoa pia usimamizi wa mashirika yaliyokasimiwa, na mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria ya kuuimarisha. Hiyo ilikuwa taasisi yenye wakaguzi wengi na bajeti kubwa. Ujuzi wa kukagua ulikuwa umehamia kwa mwingine kidogokidogo, mwaka hadi mwaka.

Kwa vyombo vya kukokota, nchi hiyohiyo ilitunga mwaka 2016 kanuni zinazompa mwenye chombo hiari: akaguliwe na Walinzi wa Pwani moja kwa moja, au awe na mfumo wa usimamizi wa usalama unaokaguliwa na shirika la nje lililoidhinishwa. Ninachokipenda ni kwamba kwa njia zote mbili cheti cha ukaguzi kinatolewa na Walinzi wa Pwani, nao bado wanapanda chombo. Hatari yake ni ile ya kila ukaguzi wa mfumo: mkaguzi akiridhika na daftari lililojazwa vizuri, hafungui kifuniko cha injini.

Ajali ikitokea, kila mtu hutafuta mwenye kulipa. Meli ya mafuta Erika ilikatika vipande viwili tarehe 12 Desemba 1999 nje ya pwani ya Ufaransa ikiwa na zaidi ya tani 30,000 za mafuta mazito. RINA, iliyokuwa klasi yake, ilitiwa hatiani pamoja na wengine, na hukumu ikathibitishwa na mahakama ya juu ya Ufaransa mwaka 2012. Hispania iliishitaki ABS huko New York kwa ajili ya Prestige, iliyozama Novemba 2002, ikashindwa. Na kuhusu feri Al Salam Boccaccio 98, iliyozama Bahari ya Shamu Februari 2006 na kuua zaidi ya watu 1,000, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Mei 2020 kwamba klasi haiwezi kukimbilia kinga ya dola kwa kuwa tu ilikagua kwa niaba ya nchi ya bendera, isipokuwa iwe ilitumia mamlaka ya kidola yenyewe.

Kwa hiyo usiweke sahihi kipengele cha fidia bila kukisoma. Ulaya, kwa agizo lake la 2009, imeweka sakafu: serikali ikilipishwa kwa uzembe wa shirika, kikomo cha kurudishiwa kisipungue euro milioni 4 kwa vifo na majeruhi na euro milioni 2 kwa mali. Kwa makusudi au uzembe mkubwa, hakuna kikomo. Makubaliano mengi nje ya Ulaya yana vikomo vya chini zaidi, mengine yana kipengele kinachoifanya serikali imkinge mkaguzi badala ya mkaguzi kuikinga serikali.

Mwisho ni namna ya kuachana, ambayo huandikwa kwa mstari mmoja na kujutiwa. Shirika likiondolewa leo, vyeti vya meli zote lilizozihudumia vinabaki halali hadi lini? Nani anagonga mhuri wa ukaguzi wa mwaka kwa meli ambayo mlango wake unafungwa wiki ijayo? Weka kipindi cha mpito, tuseme miezi mitatu, ambacho shirika linaloondoka haliruhusiwi kutoa cheti kipya wala kuongeza muda. Likabidhi faili zote za kisheria zikiwa na michoro iliyoidhinishwa, vitabu vya uthabiti wa meli na majedwali ya unene. Na kila meli ipandwe na shirika jipya kabla halijatoa cheti chake cha kwanza, pamoja na ofisa wa serikali kwa zile zenye masharti ambayo hayajafungwa.